Tingatinga Lipi?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Visiki; Makamu wake; Katibu wa Makamu; ndugu dereva mteule wa mtambo; wataalamu wa udongo wa juu, na wale wa udongo wa chini ambao hawakupata viti; mama mkwe wangu, uliyefunga safari kuja kuona kazi ninayofanya; akina mama wa kikundi cha kilimo, wenye shamba hili; na ninyi nyote mliosimama juani kwa hiari baada ya kuagizwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mama mkwe hapigi.)

Ndugu wananchi, ofisi yangu ilipopokea kilio chenu kwamba mna pori, mna mbegu, na hamna cha kung'olea visiki kabla ya mvua, mimi binafsi nilikosa usingizi, nikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, nayo, baada ya upembuzi yakinifu ulioshirikisha stekiholda wote isipokuwa ninyi, ikathibitisha kwa asilimia tisini na tisa kwamba pori lipo. (Minong'ono.)

Hapo likazuka suala la kitaalamu: tununue buldoza dogo la mtumba, ama trekta? Buldoza hung'oa kisiki na mizizi yake, lakini hukwangua na udongo wenye rutuba likaupeleka kwa jirani. Trekta hulima vizuri, ila likigonga kisiki linakwama hapo, na kisiki nacho kipo, sasa mna visiki viwili. Kwa maono niliyojaliwa, nikaamuru ipigwe kura. Mkachagua tingatinga kwa kauli moja, nami nikaguswa sana na umoja wenu, mpaka ilipobainika kwamba nusu yenu mkisema tingatinga mna maana ya trekta, na nusu mna maana ya buldoza. (Kicheko. Mwenyekiti wa kikundi, kikapu cha mbegu mapajani: "Bwana mkubwa, sisi tungepokea lolote lenye magurudumu.")

Umeona, dada? Buldoza halina magurudumu, lina minyororo. Ndiyo maana serikali ina wataalamu. (Wataalamu wanapiga makofi.)

Tukaingia kwenye mchakato wa kuoanisha tafsiri. Nikaongoza ujumbe ng'ambo, tukaoneshwa kisiki, tukakizunguka, tukapiga nacho picha. Konsaltanti akashauri linunuliwe buldoza la kulifungulia trekta njia, na trekta la kulivuta buldoza likizima, maana mtumba ni mtumba. Na kwa kuwa hakuna linaloweza kutangulia bila mwenzake, akashauri tusubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumeinama misimu miwili. (Mwenyekiti wa kikundi: "Na sisi misimu hiyo miwili tumelala njaa. Wingu lile unaliona? Mbegu zisipoingia ardhini leo, watoto wetu watakula maelezo.")

Hoja imepokelewa na itafanyiwa kazi. (Ngurumo. Mtu mmoja anapiga makofi, akidhani mtambo umefika.)

Sasa nije kwenye mafanikio. Mlipoagizwa kusafisha mahali pa kuegesha mtambo, ninyi akina mama mlichukua panga, majembe na mashoka, mkafyeka shamba zima, mkang'oa visiki vyote kwa mikono. Hongereni. Na kwa kuwa sera inasema mtambo hupelekwa penye pori, na hapa pori halipo tena, natangaza kwa unyenyekevu, unyenyekevu unaojulikana hata ng'ambo, kwamba chini ya uongozi wangu mradi huu umekamilika asilimia mia moja kabla ya kuanza. (Akina mama wanainuka, mmoja mmoja.)

Msiondoke, tuna kaulimbiu. Nikisema tingatinga, mjibu "linakuja". Tingatinga! (Mzee wa nyuma: "Lipi?") Kilimo cha mashine! (Sauti za majembe.)

Nimalizie kwa shukrani: kwa muuzaji wa mtambo, ambaye hatujapata kumtafuta, kwa dereva mteule, kwa kuusubiri usukani bila kuuliza uko wapi, kwa fundi wa vipuri vya mashine ambayo haikuwahi kuagizwa, na ninyi wananchi, nawaomba shamba hili lisiguswe, libaki hivi hivi, wafadhili waje waone kazi ya mtambo wetu. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Matone ya kwanza ya mvua. Hakuna anayesikiliza, akina mama wameinama, mashimo na mbegu, mashimo na mbegu, mpaka mbele ya meza kuu. Mwenyekiti wa kikundi: "Bwana mkubwa, nyanyua mguu kidogo. Hapo ulipokanyaga napanda.")