Chensoo ya Mzee wa Kodi, Kamba ya Madamu

Jina lake la mtaani lilikuwa Shahada, kwa sababu hakuwa nayo hata moja. Asubuhi hiyo alikuwa anakatiza uchochoro, mikono mfukoni na tumbo tupu, alipoona majani makavu yakirushwa juu ya ukuta kutoka kulia kwenda kushoto. Hata hayajatua vizuri, ufagio wa upande wa pili ukayarudisha. Yakaenda, yakarudi. Hakuna aliyetukana, walikuwa watu na heshima zao.

Shahada akainua macho. Kwenye mpaka wa nyumba hizo mbili ulisimama mti mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limetoka mpaka juu ya uchochoro.

"Vita vya panzi," alijisemea, "furaha ya kunguru."

Mtu mwingine angeona majani. Yeye aliona vifaa. Kule kwenye soko la mitumba kulikuwa na mnunuzi aliyemnong'oneza kwamba akipata chensoo, yaani ule msumeno wa injini, pamoja na mavazi yote ya kupandia miti, vikiwa vipya, atavinunua bila kuuliza vimetoka wapi.

Akabisha hodi nyumba ya kulia. Akatoka Mzee wa Kodi, mwenye vyumba vya kupangisha, mtu aliyekuwa akifunga bomba la wapangaji kila anapotoka, wasije wakanawa bila yeye kuwepo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kama ni chumba, kodi ya miezi sita mbele."

"Sitafuti chumba, mzee. Nimeona mti. Unajua umelalia mali? Mbao ya mti ule hulaliwa na mawaziri."

Mzee akautazama mti wake kana kwamba umeota usiku huo.

"Kuukata utanitoza nini?"

"Bure."

Neno hilo, ndugu msomaji, limewaliza watu wengi kuliko moshi wa kuni.

"Wewe nunua tu chensoo mpya na ile suruali nene ya kuzuia mnyororo usinile mapaja," aliendelea Shahada. "Kazi ikiisha vinabaki vyako, na magogo yote nayaangushia upande wako."

"Na yule Madamu wa nyumba ya pili?"

"Namwambia napunguza matawi yanayogusa paa lake. Tena atanishikia kamba, maskini, akidhani anasaidiwa."

Mzee wa Kodi akacheka mpaka akashika mlango.

Nyumba ya kushoto alikaa Madamu, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye bado alikuwa akitembea na kalamu nyekundu na kusahihisha matangazo ya ukutani. Akaambiwa maneno yale yale, ila magogo yaligeuza upande, na maskini akawa Mzee wa Kodi. Vifaa vya kununua vikawa kofia ngumu yenye wavu wa uso, mkanda wa kupandia, na kamba ndefu.

"Una cheti cha kazi hii?" aliuliza Madamu.

"Madamu, mti hauulizi cheti. Unauliza mkanda."

"Hoja nzuri," alisema Madamu, na akanunua.

Ikabaki kuondoka navyo, na hapo ndipo ujanja ulipoanza kutoka jasho. Mzee hakukubali chensoo ivuke geti hata kwa kisingizio cha majaribio. Madamu alilala na kamba chini ya godoro. Shahada akaona hakuna njia ila moja: apande kweli, akiwa amevaa vyote, angurumishe injini kidogo, kisha atambae kwenye lile tawi la uchochoroni ateremke na kamba yake aende zake. Kitu kimoja tu hakuwaambia wateja wake. Alikuwa anaogopa kwenda juu, anaogopa hasa.

Siku ya kazi alipanda kwa ngazi ya Mzee, suruali nene juu ya bukta, chensoo ikining'inia kiunoni. Akapitisha kamba juu ya tawi, ncha moja kwenye mkanda wake, nyingine akamtupia Madamu ng'ambo ya ukuta. Madamu, aliyekuwa hapendi kazi nusu nusu, akaifunga kwenye nguzo ya tangi la maji kwa fundo la kuzuia fahali.

Injini ikanguruma. Kila upande wa ukuta mtu mmoja akacheka peke yake.

Shahada akatambaa. Uchochoro ulikuwa pale chini yake, mtupu, ukimsubiri. Mara kamba ikakaza. Akavuta, wapi. Na wakati huo huo injini ikakohoa ikanyamaza, kwa sababu Mzee wa Kodi alikuwa ameipimia petroli kwa kifuniko cha chupa.

"Madamu!" akaita kwa sauti ndogo. "Legeza kamba kidogo."

"Mbona unaelekea uchochoroni?" Madamu akajibu kwa sauti ya gwaride. "Magogo yangu yatadondokea wapi?"

"Magogo yako?" ilisema sauti ya upande wa pili.

Wote wawili wakamwangalia. Kisha Mzee wa Kodi akaondoa ngazi.

Shahada alijua wakielewana amekwisha. Akafanya kazi aliyoijua.

"Mzee, Madamu alisema wewe ni mchoyo, hata kivuli chako unakipangisha! Madamu, Mzee alikuita maskini!"

Ikashika. Wakazozana kupitia ukuta kwa yote waliyoyanyamazia miaka yote, na Shahada akaanza kupumua. Lakini watu wakigombana, kila mmoja hukumbuka chake.

"Kwanza chensoo yangu!" akafoka Mzee. "Na suruali!"

Shahada akarudi nyuma mpaka kamba ikalegea, akaiteremsha chensoo kwa mkunjo wake. Suruali na kofia vikafuata. Madamu akazunguka, akaingia kwa Mzee kwa mara ya kwanza tangu ukuta ujengwe, akaokota kofia yake.

"Na mkanda," alisema. "Na kamba yangu."

"Madamu, kamba ndiyo imenishika!"

"Ungeshikwa na adabu mapema."

Akarudi kwake, akafungua fundo, akaanza kuivuta. Shahada akaona bora aufungue mkanda uende na kamba kuliko kufuatana nayo. Akabaki amekumbatia tawi, bukta ikipepea, na wapangaji wakitoka mmoja mmoja kuangalia.

"Nisaidieni ngazi," alisema, na safari hii hakuwa anaigiza. "Jamani, nitakufa."

Madamu alikuwa amesharudi na mkanda begani. Mzee akamsogelea.

"Unaonaje, jirani?"

"Ngazi ni yako," alisema Madamu, "ila kivuli anachokalia ni cha kwangu. Nusu kwa nusu."

"Umesikia huko juu?" Mzee akaita, akiinyanyua ngazi. "Ngazi ya kukodi hii. Simu si unayo?"

Shahada akaitoa simu kwenye mfuko wa shati, akatuma pesa. Simu ya Mzee ikalia. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akampa Madamu. Madamu akaipitia kama mtihani, akatikisa kichwa.

Mzee akailaza ngazi chini tena.

"Weka na ya kutolea," alisema.