Usimuulize Shahidi Usilolijua

Hakuna aliyemwalika. Aliingia ukumbini akifuata harufu ya chai, tai imenyooka, kwapani amebana faili lisilo na karatasi hata moja. Mjini walimwita Teleza, kwa sababu mikono mingi ilikwisha kumshika na hakuna hata mmoja uliobaki naye.

Ukumbi wa hoteli ulijaa mawakili wa mahakamani, wamepangwa kwa mistari kama watuhumiwa, nyuso zimenuna. Bango la ukutani lilieleza sababu: Mafunzo ya Mwaka ya Mawakili wa Kesi, Namna ya Kumhoji Shahidi wa Upande wa Pili. Kila mwaka sharti wakili asome kidogo apewe pointi, na bila pointi leseni haihuishwi. Elimu waliona wanayo ya kutosha. Kilichopungua ni pointi.

Kiti cha mwalimu kilikuwa kitupu.

Teleza akakitazama kile kiti. Akaitazama maikrofoni. Kisha akaziona simu zilizolala juu ya meza, moja kwa huyu, mbili kwa yule, zinang'aa kama samaki waliotoka majini sasa hivi. Akasahau chai. Alipita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa saa, akaweka faili lake mezani.

"Poleni kwa kusubiri. Mmeshasaini mahudhurio?"

"Ya asubuhi tu," wakajibu kinyonge.

"Sainini na ya jioni kabisa. Mimi si mtu wa kuwasumbua watu wazima."

Ukumbi ukalipuka makofi. Walimu wengi wamefundisha miaka mingi wasipendwe namna ile.

Mstari wa mbele alikaa wakili wa mvi aliyeitwa Mzee wa Pingamizi. Inasemekana siku ya ndoa yake, mfungishaji alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, alisimama mwenyewe kwa mazoea. Sasa alimwinamia jirani yake.

"Hivi huyu ndiye mwalimu?"

"Si umuulize."

"Nimuulize vipi na sijui atajibu nini?"

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea uko upande gani. Amri ya kwanza ya mawakili wa kesi ni kwamba usimuulize shahidi swali ambalo hujui jibu lake. Ni amri nzuri, imeokoa wengi. Lakini asubuhi ile ukumbi mzima wa watu wenye leseni ya kuuliza maswali uliiheshimu, na mtu asiyejulikana akashika maikrofoni.

"Simu zote kapuni," alisema Teleza, akimwaga vitambaa vya meza kutoka kwenye kapu moja kubwa. "Simu ikilia mahakamani, mteja wako ndiye anayelia baadaye. Leo tunajizoeza."

Zikatumbukizwa. Kapu likawekwa karibu na mlango, mbele ya macho ya wote, maana mwizi mwenye adabu haanzi kwa kuficha. Punde likaanza kutetemeka. Likanyamaza, likatetemeka tena.

"Kuna mtu anatutafuta sana," akasema wakili mmoja.

"Mwache. Anayekutafuta sana ana shida yake, si yako."

Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mpigaji ni mwalimu wao wa kweli, jaji mstaafu aliyeitwa Mama Jaji, aliyekwama njiani na gari bovu.

Sasa, Teleza alikuwa amepanga kubabaisha mpaka saa ya chai, wote watoke, naye achukue kapu na kupitia dirishani, chini yake pakiwa na uwanja wa nyuma wa hoteli. Lakini shida ya mtu mwenye kipaji ni kwamba kipaji hakijui mpango. Somo lilihusu waongo, na kuhusu waongo Teleza alikuwa kitabu kizima.

"Mwongo ni kama mtu anayesubiri wageni," aliwaambia. "Sebule kaipamba. Tarehe anayo, bei anayo, mashahidi anao. Nyinyi mnakwenda kumuuliza ya sebuleni, mnakaribishwa viti, mnakunywa maji, mnaondoka. Nendeni jikoni! Jikoni hajafagia. Muulizeni kitu kidogo ambacho hakukiona cha maana."

Kalamu zikaanza kukimbia. Wengine waliandika bila kulazimishwa, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika mafunzo hayo kwa muda mrefu.

Saa ya chai ikafika. Wakatoka kwa msukumano. Teleza alihamisha kapu hadi chini ya dirisha, akafungua kioo, akainua mguu mmoja.

"Mwalimu?"

Akaushusha. Nyuma ya mstari wa mwisho alikuwa amebaki wakili kijana ambaye wenzake walimwita Chipukizi. Alikuwa akivihoji viti vitupu, faili mkononi.

"Hunywi chai, binti?"

"Haipiti. Kesho nina kesi yangu ya kwanza, mwalimu. Kuna mtu anadai mama yangu mdogo alimuuzia nyumba. Anasema alikaa naye ndani wakakubaliana. Ana maneno matamu huyo! Nikimsikiliza mimi mwenyewe namwamini." Akajaribu kucheka. "Mama mdogo ndiye aliyenilea. Akishindwa kesho, jioni vyombo vyake viko nje."

Teleza alikuwa na mipaka yake, ingawa haikuandikwa popote. Aliibia watu wenye simu mbili. Nyumba za akina mama hakuzigusa.

"Wengine umewauliza?"

"Wameniambia nisome kitabu."

Akalitazama dirisha, nalo likamtazama. "Sikiliza. Wakirudi, nitakaa kitini niwe huyo mtu wako. Nitadanganya kwa nguvu zangu zote, na nguvu ninazo. Lakini swali lako la mwisho, lolote liwe, nitalijibu kweli tupu."

"Kwa nini la mwisho?"

"Kwa sababu huwezi kuutambua uso wa mwongo kama hujauona uso wa kweli kwenye kichwa kilekile."

"Unaahidi?"

Teleza alikwisha ahidi watu ndoa, viwanja na safari za ng'ambo, tena bila kupepesa. Safari hii alipepesa.

"Naahidi."

Waliporudi, alikaa kitini. Chipukizi alisimama, sauti nyembamba kama uzi.

"Shahidi, unasema ulikwenda kwa mama huyu mkaelewana bei?"

"Naam, mwanangu. Tena alilia kwa furaha."

"Hiyo ni sebule," alinong'ona Mzee wa Pingamizi, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi.

Chipukizi akaelekea jikoni. "Ulibisha hodi?"

"Mimi ni mtu wa heshima. Nilibisha."

"Ukagonga wapi?"

"Mlangoni. Mara mbili."

"Akakufungulia?"

"Akafungua, akafunga nyuma yangu, maana kulikuwa na upepo."

"Mama mdogo hana mlango," akasema Chipukizi, na uzi ukawa kamba. "Uling'oka zamani. Ana pazia. Uligonga pazia mara mbili, shahidi?"

Ukumbi ukapasuka. Watu walipiga meza. Mzee wa Pingamizi alisimama kupinga, akakosa cha kupinga, akakaa.

Hapo mlango wa ukumbi ukafunguka. Akaingia mama mmoja mnene, miwani puani, mikono ina mafuta ya gari. Teleza alimtambua mara moja. Mtu hasahau sura ya jaji aliyempa miaka ya jela. Naye Mama Jaji akamtambua, akafungua kinywa.

Dirisha lilikuwa wazi. Ilikuwa hatua moja.

"Mheshimiwa," alisema Teleza bila kuinuka, "huyu wakili hajamaliza na shahidi wake."

Mahakama ina desturi zake, na mtu aliyezizoea maisha yake yote hawezi kuzivunja hata akiwa na hasira. Mama Jaji akafunga kinywa, akasimama pale pale mlangoni.

Chipukizi hakugeuka. Macho yake yalikuwa jikoni.

"Swali la mwisho. Kapu la simu lilikuwa mlangoni. Nani amelipeleka dirishani, na kwa nini?"

Jibu lake hakulijua. Amri ya kwanza ilikuwa imevunjwa mbele ya wazee wa kazi.

"Mimi," akasema Teleza. "Nilitaka kuziiba. Mimi si mwalimu. Niliingia kufuata chai."

Wakacheka mpaka machozi. Hawajawahi kuona mwalimu anayeigiza vizuri hivyo! Teleza alikiona kicheko kile kilivyo: mlango mwingine, uliofunguliwa wazi. Kutabasamu tu, na angepita nao.

Hakutabasamu. Aliuweka uso wake mbele ya binti, mpaka kicheko kikaanza kufa mstari baada ya mstari.

"Napinga!" alipiga kelele Mzee wa Pingamizi, ambaye ndiye aliyeelewa kwanza. "Na pointi zetu je?"

Mama Jaji alikuwa anakuja, taratibu, katikati ya ukumbi.

"Uangalie vizuri, wakili," Teleza alimwambia Chipukizi kwa sauti ndogo. "Uso wa kweli ndivyo unavyokaa. Kesho hutauona kwa yule mtu wako."