Trekta ya Gaspar na Wali wa Ubungo

Mradi wa karanga kule Nachingwea ulipovunjika, vyuma vyake vilisambaa nchi nzima, na mwaka 1953 kimoja kikaangukia mikononi mwa Gaspar wa Temeke. Kilikuwa trekta ndogo ya kijivu, imeegemezwa ukutani kwa Didas, muuza vyuma chakavu wa Chang'ombe. Gaspar aliizunguka mara mbili tu, akaona utajiri. Naomba msomaji asimcheke upesi. Mimi ninayesimulia niliwahi kununua saa kwa Gaspar huyohuyo, nikatamba nayo mwezi mzima kabla ya kugundua kwamba ndani hamna kitu.

Trekta iliwaka vizuri. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: mikono ya nyuma inayobeba plau, lile jembe la trekta, iliinuka, kisha ikashuka yenyewe. Didas hakutaka fedha, alitaka cherehani. Gaspar hakuwa na cherehani. Aliyekuwa nayo ni mkewe Bernadeta, ndiyo iliyowalisha, na Bernadeta alikuwa Morogoro kwa dada yake hadi Jumamosi. Gaspar akajishauri kwamba ifikapo Ijumaa trekta itakuwa imeuzwa, cherehani imekombolewa, na mke hatajua lolote. Akaibeba cherehani hadi kwa Didas, akaondoka na trekta.

Dawa ya ule ugonjwa aliijua. Kwenye trekta zile, mafuta yaleyale yanayolainisha giaboksi ndiyo pampu inayoyasukuma ili kuinua plau. Akamwaga yaliyokuwamo, akajaza mafuta ya nyonyo aliyoyakoroga na grisi, mazito kama asali. Asubuhi, yakiwa baridi, hayakuweza kuvuja haraka, na plau ilikaa juu robo saa nzima. Robo saa ilimtosha Gaspar kuuza hata bandari.

Mteja alikuwa Atuganile, mjane mwenye mashamba ya mpunga bonde la Ubungo. Alhamisi Gaspar aliilaza trekta kwa jamaa yake hukohuko, na Ijumaa jua likichomoza alikuwa uani kwa mjane, kavaa suti ya kuazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ndiye ng'ombe mwenyewe?"

"Ng'ombe asiyeugua, mama. Pampu yake ni haidroliki ya Uingereza. Tazama." Akavuta kishikio. Plau ikapanda taratibu, kwa adabu.

"Inapendeza. Basi izime, iache hivyohivyo juu. Twende tukale."

"Tungemaliza biashara kwanza, mama. Kula kupo tu."

"Kwangu mgeni hazungumzi biashara akiwa na njaa."

Mkekani alikuwapo jamaa mmoja kimya, Kornelio, akichambua samaki. Mjane alisema ni mpangaji wake. Gaspar akashambulia wali kwa mikono miwili, mmoja wa kula na mmoja wa kukataa nyongeza.

"Unakula kama unafukuzwa, baba."

"Nimeshiba, mama. Sie wafanyabiashara ndivyo tulivyo."

"Kornelio, mwongeze."

Kwenye sahani ya tatu jua lilikuwa limeifikia trekta. Gaspar, aliyekaa akiielekea, aliona plau ikishuka kidole kimoja, kisha viwili. Akapaza sauti na kuanza kisa kirefu cha mjomba wake na nyuki, ili asigeuke mtu. Mjomba hajafika hata kwenye mzinga, plau ikagusa mchanga.

"Imefika," alisema Kornelio bila kugeuka.

"Imechoka tu," akasema Gaspar. "Imetoka Temeke jana."

Atuganile alinawa mikono polepole. "Niliwapikia mafundi wa Nachingwea miaka mitatu. Trekta ikitoka kutengenezwa, waliinua plau, wakaizima, wakaja kula. Wakimaliza na plau iko juu, inapokelewa. Ikishuka, aliyeitengeneza hali chakula siku hiyo. Wewe umeshamaliza sahani tatu, mwanangu, sasa nikufanyeje?"

Gaspar aliona aibu ya kweli, na nyuma ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu kesho yake ni Jumamosi. Maneno yake yote mazuri yalimkimbia, akabaki na ukweli, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Akaeleza habari za Didas, za cherehani na za Bernadeta.

"Masikini," alisema mjane. "Chuma kibovu mie cha nini? Lakini kwa ajili ya huyo mwanamke mwenzangu, nitaikomboa cherehani. Hiyo takataka iache hapo, kuku watapata kivuli."

Gaspar alishukuru kwa kupiga magoti, suti ya watu ikaingia vumbi. Kabla ya adhuhuri Didas alikuwa amepokea magunia mawili ya mpunga, na cherehani ilikuwa Temeke mahali pake.

Kornelio naye, ambaye kule Nachingwea kazi yake ilikuwa pampu hizohizo, alifungua silinda mchana uleule. Alitoa pete ya mpira iliyokatika, nyembamba kama bangili ya mtoto, akatia nyingine na kubadili mafuta. Walikula cha mchana, wakala na cha jioni, na plau haikushuka.

Jumamosi Bernadeta alirudi na habari.

"Basi letu lilisimama Ubungo. Kuna mama pale analima kwa trekta, watu wamejipanga kuikodi. Wanasema kaipata kwa cherehani moja."

"Moja?" aliuliza Gaspar, akiinama kutafuta kitu uvunguni.

"Moja, tena kuukuu. Hivi huyo aliyemwachia ana akili kweli, mume wangu?"

Gaspar hakutoka uvunguni. "Watu wa namna hiyo wapo," akasema. "Wanatia huruma."

Bernadeta akaketi kwenye cherehani yake, akatunga uzi, akasema angependa siku moja amwone mtu huyo sura yake.