Kipanya Kinachokwenda Kinyume

Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Huku hatujambo sote, isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa adabu kuhusu binti yako, ambaye ni mke wangu na pia mshirika wangu katika ofisi yetu ya kusanifu mabango. Uliponikabidhi ulisema amelelewa akaleleka. Sikatai. Ila hukunidokeza kuhusu kipanya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tuna kompyuta moja. Asubuhi ni yake, mchana ni yangu. Mimi nikisukuma gurudumu la kipanya mbele, nataka bango lipande, maana karatasi hufuata mkono. Yeye anataka lishuke, eti kinachotembea ni macho, siyo karatasi. Kila nikikaa nakuta amegeuza mipangilio. Naigeuza. Kesho yake ameigeuza tena. Mama, huu ni ukaidi au ni dini mpya?

2. Juzi amevuka mpaka. Ameiamuru programu kwamba gurudumu lisipandishe wala lisishushe, bali likuze picha. Kinyozi alikuja kukagua bango lake lenye sura yake. Nikazungusha ili nimwonyeshe namba ya simu pale chini, uso ukajaa kioo kizima. Nikababaika, nikazungusha zaidi. Akaniuliza kwa upole lile pango lina uhusiano gani na kunyoa. Ilibidi nimwambie ni tundu la pua yake. Hajanirudia mpaka leo.

3. Padi ya kugusa nayo ameiongezea kasi. Nilipiga chafya tu, kidole kikateleza, bango la duka la viatu likatoweka. Tulilitafuta wote wawili, tukalikuta kwenye kona, dogo kama punje ya mchele. Binti yako alicheka hadi akashika meza.

4. Ugonjwa umeingia nyumbani. Mtoto akipewa kitabu cha picha, anaweka vidole viwili juu ya ukurasa, kisha anatutazama kwanza, ajue leo inafuatwa sheria ya nani.

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha ukoo, wajomba na mashangazi wasikose, waamue kama kinachopanda ni karatasi au ni macho. Ikishindikana, kila mtu awe na kompyuta yake, tuheshimiane.

Nisalimie Baba Mkwe, mashemeji wote, na yule jirani yenu anayeuliza habari zangu hata nikiwa mbele yake.

Ni mimi, mkweo niliyeonewa.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, binti yako ameleta kompyuta yake mpya na kuhamia chumba cha pili, bila ugomvi wowote. Gurudumu sasa linanitii. Nimezungusha juu, nimezungusha chini, hakuna aliyegeuza kitu. Kinyozi amerudi, lakini amekwenda kwa binti yako, nawasikia wanacheka. Mama, nimenyong'onyea. Nimeigeuza mipangilio kwa mkono wangu mwenyewe, ikawa kama alivyoiweka yeye, na bado si sawa. Kikao kibaki palepale, ila ajenda ni moja tu: mumwamuru arudi kwenye meza yangu. Kipanya namwachia.