Futa Kumbukumbu Zote

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa ubaoni saa mbili na robo. Anatafutwa Mkuu wa Masjala. Fomu inajazwa mtandaoni, mwisho Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Wanaoruhusiwa kuomba ni makarani wa masjala tu. Ofisi yetu ya maji ina makarani wa masjala wawili. Mimi, miaka kumi na mmoja kazini. Na Jirani, miaka sita.

Namwita Jirani kwa sababu meza yake imegusana na yangu. Ni mwanamke mpole, mchapakazi, hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Nikafungua kivinjari nitafute fomu. Kikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikaenda kunywa chai, nikaosha kikombe, nikamsalimia mlinzi na kumwuliza habari za watoto wake wote watano. Nikarudi. Kiduara bado kinazunguka! Na hapo pembeni Jirani anafungua kurasa moja baada ya nyingine, anahamisha, anafunga, anatabasamu. Kompyuta zetu ni za aina moja. Zililetwa siku moja, kwenye gari moja.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Alhamisi iliyopita nilimkuta kasimama mezani kwangu. Alisema anaazima stepla. Mkono mmoja ulikuwa na stepla, kweli. Wa pili sikuuona.

Kanitilia virusi.

Jioni nimemweleza mama watoto. Akauliza Jirani anitilie virusi kwa sababu gani. Nikasema anataka cheo. Akasema tangazo limetoka leo na stepla iliazimwa Alhamisi. Nimeacha kumweleza mambo ya kazini.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa kompyuta amekuja. Ni dada mwembamba mwenye begi la nyaya, na ana tabia ya kuvuta pumzi ndefu kabla ya kukujibu. Aliketi kwenye kiti changu, akaniuliza nina tabo ngapi. Nikasema tabu ninazo nyingi, kuanzia goti la kushoto hadi mama mkwe, aliyekuja kututembelea wiki moja na sasa anamaliza mwezi wa tatu. Akavuta pumzi. Kumbe tabo ni zile kurasa ninazoziacha wazi kwenye kivinjari.

Akazihesabu. Tisini na nne! Akasema kila moja inakula nguvu ya kompyuta, haishangazi kama kivinjari kinaganda. Akaanza kuzifunga. Nikamzuia. Zote ni muhimu, nitazisoma nikipata nafasi. Akanionyesha mojawapo: dalili kumi za mfanyakazi mwenzako anayekuchukia. Nikamwambia hiyo hasa isiguswe.

Kisha akakuta programu za nyongeza saba zimejibandika kwenye kivinjari. Mbili zinaahidi kukipa kasi mara kumi. Moja kazi yake ni kuleta picha za maporomoko ya maji. Akauliza nani kaziweka. Nikajifanya hamnazo. Akasema tarehe, saa na jina la aliyeziweka vimeandikwa pale pale. Nikatazama dari. Dari inahitaji rangi.

Alisema huenda kuna programu hasidi humo ndani, inabidi afanye ukaguzi kamili. Nikamwuliza kama virusi vinaweza kupita kwenye waya kutoka meza ya pili. Akavuta pumzi, akasema kinadharia inawezekana, lakini. Hayo ya baada ya lakini sikuyasikiliza.

Saa nane mchana nimempelekea Katibu, mkuu wa ofisi yetu, barua rasmi. Nimeeleza kwamba masjala imeingiliwa, chanzo ni kompyuta ya Jirani, na kwa usalama wa ofisi nzima napendekeza izimwe hadi Ijumaa saa sita mchana. Fomu inafungwa saa nne. Asiyejaza fomu hahesabiki. Nimeandika kwa masikitiko makubwa, nikagonga mhuri mara mbili.

Siku nzuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Katibu ameisoma barua yangu na kuitilia maanani. Ameagiza kompyuta zote za masjala zikaguliwe mara moja, kuanzia ya mlalamikaji.

Mlalamikaji ni mimi. Nimejipalia makaa!

Yangu imebebwa hadi chumba cha fundi, waya zinaburuta sakafuni. Ya Jirani imekaguliwa pale pale mezani kwa dakika ishirini. Safi. Fundi alisema hajawahi kuona kompyuta safi namna ile, akampa mkono. Kufikia saa nne Jirani alikuwa amemaliza fomu yake. Nilimsikia akibonyeza kutuma. Kimlio kidogo tu, lakini kilinichoma.

Alasiri majibu ya yangu yametoka. Vidudu arobaini na kimoja! Karibu vyote vilikuwa kwenye zile programu mbili za kasi. Kimojawapo kimekuwa kikikusanya kila ninachotafuta mtandaoni na kukipeleka kusikojulikana. Fundi akaniuliza kama nina wasiwasi. Ninao. Kuna watu mahali fulani wanajua kwamba nimetafuta mara kumi na nne jinsi ya kumwondoa mama mkwe nyumbani bila ugomvi.

Jirani akaniambia, kaka, tumia kompyuta yangu, mimi nimeshamaliza. Nikashukuru na kukataa. Mtego huo! Nikae kwenye kiti chake, niandike sifa zangu zote, yeye asome akinichungulia begani?

Ameniwekea fomu iliyochapishwa mezani ili niisome kabla. Nimeisoma. Sehemu ya saba imenifurahisha. Mwombaji aambatishe kumbukumbu za kikao chochote ambamo aliwahi kupongezwa. Ninazo! Mwaka juzi, kikao cha Kamati, ukurasa wa tatu: "Kamati inampongeza karani kwa utunzaji makini wa kumbukumbu za ofisi." Najua nukta na koma zake. Jirani hana kitu kama hicho, alikuwa likizo ya uzazi.

Jioni mama watoto kanishauri nitumie kompyuta ya Jirani niondokane na presha. Mama mkwe akaitikia kutoka chumbani kwamba ni kweli. Hakuna aliyemwuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta imerudi saa tisa alasiri. Tabo zimefungwa zote, programu za nyongeza zimeng'olewa, maporomoko yangu ya maji yametoweka. Kwenye kioo imebaki rangi ya bluu tupu. Inasikitisha.

Nikafungua kivinjari. Kikafunguka, lakini kwa kujivuta. Nikampigia fundi. Alikuwa juu ya ngazi anavuta waya mahali, sauti inakatika. Akasema kimebaki kitu kimoja ambacho alisahau, ni kidogo, nifanye mwenyewe. Nifute kumbukumbu. Nikauliza zote? Akasema zote, za tangu mwanzo, nisibakize, halafu nizime na kuwasha.

Nakiri nilishangaa kidogo. Lakini fundi ni yeye. Na nikifikiria vizuri, inaleta maana. Folda ya KUMBUKUMBU ina vikao vya miaka kumi na mmoja. Kamati ya Maji, Kamati ya Nidhamu, Kamati Ndogo ya Vyoo. Maneno mengi mno, na mengine ya hovyo. Mashine gani isingechoka?

Nikafuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Ndani kulikuwa na folda nyingine iliyoandikwa NAKALA YA DHARURA. Nikafuta na hiyo, sikutaka kufanya kazi nusunusu. Kisha nikamwaga pipa la takataka. Nikazima, nikawasha.

Kasi haijabadilika sana. Lakini naisikia nyepesi.

Fomu nitajaza kesho asubuhi akili ikiwa imetulia.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili na nusu nikaanza. Jina, cheo, miaka ya utumishi. Kivinjari kikiganda naomba subira, kikizinduka naendelea. Sehemu ya sita nikaandika aya tatu kuhusu uadilifu wangu.

Saa tatu na dakika ishirini nikafika sehemu ya saba. Ambatisha kumbukumbu za kikao. Nikaenda kwenye folda.

Haikuwepo.

Nikampigia fundi. Nikamwuliza, kwa upole, zile kumbukumbu nilizofuta zinarudishwaje. Akasema hazina haja ya kurudishwa, ni kumbukumbu za kivinjari tu, kurasa nilizotembelea. Kisha akaniuliza polepole nimefuta kumbukumbu zipi. Nikasema zote, za tangu mwanzo, kama alivyoagiza. Safari hii hakuvuta pumzi. Sikumsikia akipumua kabisa. Nikamwuliza kwa nini kivinjari hakikupewa neno lake chenyewe. Akasema anakuja.

Niliweka kichwa mezani. Miaka kumi na mmoja! Vikao vyote nilivyokaa pembeni nikiandika wenzangu wanaposinzia. Sikuwaza cheo tena wakati ule. Niliwaza kwamba kazi yangu yote ilikuwa ndani ya folda moja na nimeimwaga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jirani alikuwa amesikia. Masjala ni chumba kimoja, hapafichiki kitu. Akaenda kwenye kabati la chuma, akainamia droo ya chini, akatoa jalada. Kumbe mwanamke huyu amekuwa akichapisha kumbukumbu zote tangu alipoajiriwa, na hata za kabla yake, na kuzipanga kwa tarehe. Nilijua anachapisha. Mwaka jana nilimwandikia Katibu barua mbili kulalamikia karatasi anazoharibu. Sikujua anazipeleka wapi.

Akaitoa ile ya mwaka juzi. Ukurasa wa tatu. Pongezi zangu.

Saa nne kasorobo. Kompyuta yangu imeganda tena, kiduara kinazunguka. Akanivutia kiti chake, akasema kaka, kaa. Nikakaa. Akaupiga picha ule ukurasa, akauambatisha, nikaandika mengine upya. Uadilifu wangu nimeufupisha kuwa sentensi moja. Imetumwa saa tatu na dakika hamsini na saba.

Nikamwambia asante, dada. Akasema hamna shida.

Nimeona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mtu atakayesoma.

Jumatatu, 10 Machi

Usaili. Jirani aliingia kwanza, akatoka baada ya robo saa. Kisha mimi.

Katibu akauliza ningelindaje kumbukumbu za ofisi nikiwa Mkuu wa Masjala. Nilizungumza dakika kumi, na vizuri. Akasoma pongezi zangu kwa sauti. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniomba nimfungulie kwenye kompyuta, kama mfano tu, kumbukumbu za kikao cha Januari.

Nikamtazama. Jirani hakuwa amemwambia chochote, niliona kabisa usoni mwa Katibu kwamba hajui. Nikamweleza yote, pamoja na nakala ya dharura. Nilisema ukweli kwa sababu sikuwa na uwongo ulio tayari.

Saa nane matokeo yakasomwa. Mkuu wa Masjala ni Jirani. Mimi nahamishiwa kituo cha pampu, kule mwisho wa bomba, kuandika vipimo vya maji asubuhi na jioni. Hakuna meza kule. Kuna ndoo iliyogeuzwa.

Nilikuwa nakusanya kalamu zangu Jirani alipokwenda kwa Katibu. Mlango ulikuwa wazi. Alisema ombi lake la kwanza kama Mkuu ni kwamba mimi nisiondoke. Katibu akamwuliza anamtakia nini mtu kama mimi. Akasema karatasi zote zinapaswa kurudishwa kwenye kompyuta, na hakuna anayezijua kama aliyeziandika. Akasema siku alipoanza kazi hakujua kufungua hata jalada, na aliyemfundisha ni mimi, kwa wiki tatu, bila kumkaripia.

Nilikuwa nimesahau. Nikageukia dirishani. Nje palikuwa na baiskeli ya mlinzi tu.

Nimebaki. Nyumbani mama watoto amefurahi, na mama mkwe pia, nami nimekula nao mezani bila kinyongo.

Jumanne, 11 Machi

Jirani ameitwa makao makuu kwa siku mbili kupewa maelekezo ya cheo. Ameniachia funguo za kabati lote na mashine ya kuskani. Akasema nisijibane, kazi hii ameipangia miezi minne. Niliapa moyoni kumlipa wema wake. Akirudi akute nimemaliza.

Asubuhi mambo yalikwenda taratibu mno. Unaweka karatasi, mashine inanguruma, kisha kompyuta inauliza kama ungependa kuhifadhi. Ukibonyeza Ndiyo, kiduara kinazunguka karibu dakika nzima. Kwa mwendo huo hata miezi minne haitoshi.

Saa tano nikagundua siri. Ukibonyeza Hapana, hakizunguki kabisa! Papo hapo unaweka karatasi nyingine. Na ukifikiria, swali lenyewe halina maana. Karatasi hizi zimehifadhiwa kabatini miaka yote. Zihifadhiwe mara ngapi?

Toka hapo nimeruka. Kufikia jioni nimemaliza miaka saba, peke yangu, bila fundi. Na kwa kuwa karatasi zilizokwisha kuskaniwa zinajaza chumba bure, nimezipitisha kwenye mashine ya kuchana, magunia sita, mlinzi akanisaidia kuyapakia kwenye gari la taka.

Kabati linapendeza, nimelifuta vumbi mpaka pembeni. Kesho namalizia miaka minne iliyobaki. Jirani akifungua droo hizi, hataamini macho yake.