Asilimia Sitini na Nne za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji, fundi cherehani, anagombea uenyekiti wa wafanyabiashara wa soko letu. Uchaguzi ni Jumamosi, wapiga kura 412. Leo mpinzani wake, mwokaji mikate, kamletea ujumbe: ajitoe kabla ya Ijumaa, apewe umakamu. Kwa mawazo, shemeji kashona suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Anataka kujua kama ana zaidi ya nusu ya kura. Nikajitolea kupima. Niliwahi kusoma takwimu, wiki mbili nzima. Dada yangu, mkewe, mwalimu wa hesabu, akakohoa. Kikohozi kile sikukipenda.

Jumanne, 4 Juni
Nimehoji watu arobaini. Ishirini na wanne wako nasi. Asilimia sitini! Nikampongeza shemeji mbele ya chakula. Dada akaweka kijiko chini. Akasema tuanze kwa kudhani mumewe ana nusu tu, halafu tujiulize bahati peke yake ingeleta watu wengi hivi mara ngapi. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha. Mara kumi na tatu katika mia. Yeye hakubali zaidi ya tano. Nikamuuliza inakuwaje anampinga mume wake. Akasema hampingi mume, anapinga hao arobaini. Nihoji mia, majina yaokotwe kwa bahati nasibu kwenye daftari la wanachama.

Jumatano, 5 Juni
Jina la kwanza: muuza nyama. Nikamuuliza atampigia nani. Akaacha kukata, akaniuliza mimi ni nani. Nimefunga daftari. Sasa nahoji kwenye benchi la dukani kwa shemeji. Watu wanakuja wenyewe, nguo zao ziko ndani hazijaisha. Wakarimu ajabu. Mama mmoja kaahidi kumpigia shemeji kura tatu, mradi gauni liwe tayari kesho.

Alhamisi, 6 Juni
Watu mia, sitini na wanne wetu. Nimepiga hesabu kwa njia ya dada mwenyewe: kama shemeji angekuwa na nusu tu, bahati ingeleta hivi mara tatu katika elfu. Dada akakagua, hakuona kosa. Akauliza niliwahoji wapi. Nikasema sokoni. Duka si liko sokoni? Shemeji akampigia mwokaji simu, kifua mbele: "Umakamu kaa nao mwenyewe."

Jumamosi, 8 Juni
Mwokaji 251. Shemeji 161. Umakamu amepewa muuza vitunguu. Shemeji kakaa na futi ya kupimia shingoni, hapimi chochote. Dada akanisogelea taratibu.
"Wale mia, mdogo wangu. Sokoni sehemu gani?"
Nikataja benchi.
"Yaani umemuuliza mtu anampenda nani, na nguo yake anayo mume wangu?"
Nikamkumbusha kuwa hesabu aliikagua yeye. Amenifungia mlango.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa utulivu. Utafiti wangu hauna doa. Uchaguzi ndio mbovu: siku moja tu, watu wamechoka na foleni, na hakuna aliyewauliza kwa upole. Nimeshaonana na mwenyekiti mpya. Anataka kujua wanachama wangapi wanaridhika naye. Kazi nimepewa mimi. Nitawahoji pale pale kwake, kaunta, asubuhi, mikate ikitoka tanurini.