Pembe Kumi na Sita za Datsun ya Bedan

Jumatatu, 17 Februari 1997

Leo chuoni Madam Nafuna, mwalimu wetu, ametangaza: Jumamosi, mwenye mchezo bora wa kompyuta atakuwa msaidizi wake. Kwa mshahara! Kwaheri kushona magunia kiwandani. Nimeshaiona tai yangu. Ya buluu.

Mchezo wangu ni wa magari yanayoonekana kutoka juu. Shida ni kwamba kompyuta yetu haijui kugeuza picha. Ili gari likate kona, lazima nilichore kwa kila pembe. Picha kumi na sita. Jared wa darasani kwetu naye anatengeneza wa magari. Mwigaji!

Jumanne, 18 Februari

Jared anachora gari la kuchezea juu ya sahani anayoizungusha, chini ya balbu. Maskini. Mimi nimepanda mnara wa tangi la maji hapa Kiuu, na chini yuko jirani yangu Bedan na Datsun yake isiyo na injini. Nachora, napiga mluzi, anaisukuma igeuke kidogo, nachora tena. Tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa sita Bedan aligoma, akalala juu ya boneti. Nikamchora vilevile. Msanii hadanganyi.

Huko juu kuna upepo mtamu. Nilisahau hata njaa.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeingiza picha zote kwenye kompyuta, nukta moja moja. Jared akachungulia, akauliza mbona kivuli hakitulii. Eti nivifute vivuli vyote. Wivu tu!

Jumamosi, 22 Februari

Nikageuza gari mbele ya darasa zima. Kivuli kirefu. Kikafupika. Kikahamia upande wa pili, kikarefuka tena. Mzunguko mmoja, siku nzima imepita! Na kila mara gari lilipoelekea kusini, Bedan alitokea amelala. Madam Nafuna akauliza huyo marehemu ni nani. Watu wakavunjika mbavu.

Kisha Benta, karani wa chuo, akaniomba nizungushe tena, polepole. Wote wakasogea karibu. Asubuhi, mchana, Bedan, jioni. Asubuhi, mchana, Bedan, jioni. Hata mimi nilisahau kwamba nilikuja kushindana.

Kazi amepewa Jared. Nimeumia sana.

Jumapili, 23 Februari

Kesho ni magunia. Lakini nimewaza, na kosa nimeliona: gari lilikuwa dogo. Mjomba wa Bedan ana lori kule Gatuanyaga. Pembe thelathini na mbili! Bedan akashika kichwa. "Ai, Irshad! Hiyo ni siku mbili, na usiku katikati."

Najua. Nimeshanunua penseli nyeusi. Na ya njano, ya nyota.